Dirisha Limefungwa, Mjomba

Mjomba wangu alishuka stendi ya Magufuli pale Mbezi Ijumaa jioni, akitokea Ifakara. Mkononi ana begi dogo, mfukoni noti alizozikunja mara nne kana kwamba anazificha hata kwake mwenyewe. Kesho yake watani wa jadi walikuwa wanakutana Uwanja wa Mkapa, na yeye, baada ya miaka mingi ya redio na televisheni ya jirani, alikuwa ameapa kwamba safari hii Simba na Yanga ataziona kwa macho yake. Timu yake siitaji. Nataka nikirudi Ifakara nipokewe vizuri na pande zote.

"Kesho saa mbili asubuhi tuwe dirishani, mjomba," aliniambia tukiwa tunakula. "Anayewahi hasukumwi."

Sikumjibu. Mimi mkazi wa mjini nilikuwa nimezoea kutazama mechi sebuleni, na ukweli ni kwamba sikujua mambo yamefika wapi. Saa mbili tulishuka Uhasibu, tukatembea hadi uwanjani, tukauzunguka wote. Dirisha alilolikumbuka mjomba, lile la nondo na tundu dogo, unaingiza mkono wenye hela unatoa mkono wenye karatasi, hatukuliona. Tuliona vijana wameshika kadi mkononi kama wacheza karata: "Mzee, mzunguko? Njoo huku, bei ya kindugu." Tukaona na wakala mmoja chini ya mwavuli, mashine yake inasubiri mtandao wa simu uliokuwa unakuja na kuondoka kama umeme wa mgao, na mbele yake watu wapatao mia mbili. Tukasimama. Saa saba mchana wakala akatangaza kwamba mzunguko, jukwaa la bei ya chini, umeisha. Mjomba alikuwa amebakiza watu tisa mbele yake. Najua ni tisa kwa sababu alinihesabia.

Akamfuata kijana wa bei ya kindugu. Tiketi ya shilingi 5,000 akaichukua kwa 20,000, akapewa kadi, akaibusu. Getini kadi ikagoma. Mlinzi akaijaribu tena, akaipangusa kwenye shati, akaijaribu mara ya tatu, akasema kwa upole ambao mpaka leo namshukuru: "Mzee wangu, hii kadi haina kitu." Mechi tuliitazama kwenye banda umiza moja la Temeke, mjomba kwenye benchi la mbao na jezi yake mpya, hasemi neno mpaka mapumziko.

Makala haya nawaandikia watu wa aina yake, nao ni wengi kuliko tunavyodhani: wanaopenda kununua kitu kwa mkono, kwa pesa taslimu, wakimwona anayewauzia. Sitawacheka. Bado unaweza kwenda mwenyewe na pesa yako taslimu ukarudi na tiketi, ila si uwanjani, na si siku ya mechi. Kosa letu siku ile lilianza tulipoamua kupanda daladala ya Uhasibu asubuhi. Mlanguzi alikuja kulimalizia tu.

Zamani tiketi ilikuwa karatasi, na karatasi ina faida moja kubwa: unaisoma. Ina jina la mechi, tarehe, jukwaa, bei. Ina hasara zake pia, maana inachapishwa kirahisi uchochoroni, na mlangoni inaweza kukusanywa nzima ikauzwa tena nje. Pesa za mlangoni zilivuja hivyo miaka nenda miaka rudi. Leo kwa Mkapa tiketi inakaa ndani ya N-Card, kadi ileile ambayo mkazi wa Kigamboni huigusisha akivuka na kivuko. Kadi ni chombo tu. Tiketi ni kitu unachokiweka ndani yake. Hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu kadi tupu na kadi yenye tiketi zinafanana kama mayai ya kuku mmoja. Mjomba aliigeuza ile kadi nyuma na mbele, akaipima uzito, akaridhika. Angefanya nini zaidi?

Kwa hiyo jua kwamba unanunua mara mbili. Kwanza kadi, kisha tiketi ya mechi husika. Kadi inunue hata mwezi ambao hakuna mechi ya maana, wakati wakala amekaa anapiga miayo na ana muda wa kukueleza. Ukishakuwa nayo ni yako, utaitumia mechi hadi mechi. Usisubiri wiki ya watani ndipo ununue vyote viwili, maana hapo unapanga foleni na watu wenye shida mbili kama wewe, na mmoja akikwama mbele, wote mnakwama. Tena salio si tiketi. Unaweza kuwa umejaza pesa kwenye kadi ikatosha hata jukwaa kubwa, lakini kama hukuichagua mechi na kuilipia, getini wewe ni sawa na aliyekuja mikono mitupu.

Na kadi moja ni ya mtu mmoja kwa mechi moja. Baba anayekuja na vijana wake watatu, kadi moja mfukoni, akidhani wataingia kwa kupokezana, atakaa nje na familia nzima.

Sasa wakala. Klabu mwenyeji ndiyo inayopanga bei na kutangaza vituo vya kuuzia, na hutangaza kwenye kurasa zake na redioni. Mwenyeji ni nani? Kwenye ligi watani hukutana mara mbili kwa msimu, kila mmoja akiwa mwenyeji mara moja, kwa hiyo msikilize mwenye zamu yake hata kama roho inakuuma kumsikiliza. Ukitaka kununua kwa mkono, kituo cha mtaani ni bora kuliko cha uwanjani, na kituo cha mbali na Kariakoo ni bora kuliko cha Kariakoo. Msimbazi na Jangwani, kwenye makao ya klabu zenyewe, kila mtu anapajua, ndiyo maana kila mtu yuko huko. Nenda katikati ya wiki, asubuhi, siku mbili tatu baada ya tiketi kutangazwa. Mzunguko ndio huisha kwanza, kwa sababu ndio wa wengi. Tamasha la Simba Day limewahi kumaliza tiketi siku kadhaa kabla ya siku yenyewe, na hilo ni tamasha, achilia mbali mechi ya pointi.

Ukifika mbele ya wakala, taja mechi na jukwaa kwa sauti, usiseme tu "ya kesho kutwa". Msomee namba ya kadi yako tarakimu kwa tarakimu naye akurudishie, kwa sababu tarakimu moja ikikosewa umemnunulia tiketi mtu wa Mbagala usiyemjua. Mpe namba yako ya simu ili ujumbe wa uthibitisho uje kwako, usiishie kwenye simu yake. Kisha simama hapohapo mpaka ujumbe uingie. Nyuma watakuguna, watasema unachelewesha, mwingine atakuita mzee wa shamba. Waache wagune. Mtandao ukikatika katikati ya muamala, usilipe mara ya pili kwa haraka; muulize wakala kama pesa imetoka, msubiri ahakikishe mbele yako, na kama haieleweki chukua jina la kituo na saa uliyokuwepo. Mambo ya pesa iliyoelea hewani husuluhishwa kirahisi siku ya Jumatano kuliko Jumamosi saa tisa.

Kuna jambo nililogundua kwa kuchelewa, na nikicheka najicheka mwenyewe. Mjomba ana kitochi. Kwa kitochi hicho hununua LUKU, hupokea pesa za mpunga, na huwatumia wajukuu nauli. Mtu anayenunua umeme kwa kitochi hana sababu ya kupanga foleni ya tiketi, kwa sababu tiketi nayo hulipiwa kwenye menyu zilezile za M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa na Mixx by Yas. Unatafuta sehemu ya malipo, unaifikia N-Card, unaingiza namba ya kadi, unachagua mechi na jukwaa, unaweka namba ya siri. Huhitaji simu janja wala intaneti. Kama umeshindwa kuipata menyu, nenda kwa wakala wa pesa wa mtaani kwako, yule anayekufahamu kwa jina, umwombe akuelekeze huku simu ikiwa mkononi mwako. Simu ibaki kwako, na namba ya siri ibonyeze mwenyewe. Hapo utakuwa umenunua ana kwa ana kwa namna yako, mbele ya mtu unayemjua, pasipo kufika Temeke.

Nirudi kwa vijana wa bei ya kindugu, maana hawa wanahitaji kuelezwa kwa utulivu. Mlanguzi wa zamani alikuwa na tiketi halali aliyoinunua mapema, akakuuzia ghali. Alikuwa mroho, lakini uliingia. Wa leo hana haja hata ya kuwa na tiketi. Anahitaji kadi tupu, sura ya huruma na dakika tatu. Mbinu yao ya kwanza ndiyo iliyompata mjomba. Ya pili ni kukuonyesha ujumbe wa uthibitisho kwenye simu: "Si unaona? VIP B hii." Ujumbe ni wa kweli, tiketi ni ya kweli, ila iko ndani ya kadi nyingine, na huo ujumbe ameshawaonyesha wenzako sita. Ya tatu ni kukuuzia jukwaa la juu kwa bei ya juu ilhali kadi imebeba mzunguko. Utaingia uwanjani kweli, ila utapelekwa usikokulipia, na huyo kijana hutamwona tena mpaka ufufuo.

Ya nne ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inakuja na sare au kitambulisho shingoni. "Mzee, achana na tiketi, nipe kumi, mimi nitakuingiza." Pengine ana uwezo huo. Lakini elewa unachonunua: nafasi ndani ya uwanja ambayo haikuhesabiwa. Uwanja wa Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007, una viti 60,000. Kila anayeingizwa kwa mlango wa nyuma anakalia kiti cha mtu mwenye tiketi, au anasimama kwenye ngazi ambayo wengine wataihitaji wakikimbia.

Je, kama rafiki yako wa kweli amepata safari na anataka kukuachia tiketi yake? Chukua kadi yenyewe mkononi, siyo picha ya kadi wala ujumbe. Mpitieni wakala, mwombe aisome kwenye mashine, ndipo umpe rafiki yako pesa yake, bei ileile aliyonunulia. Akitaka zaidi, basi umejua thamani ya urafiki.

Wanaosafiri kwenda Uingereza wakidhani kule wazungu wamehifadhi dirisha, wajue mambo ni magumu zaidi. Kwenye mechi kubwa za Arsenal, Liverpool au Manchester United tiketi huenda kwanza kwa wanachama, na kuuza tiketi ya mpira bila idhini ni kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 1994. Ukifika nje ya uwanja London na pauni zako mfukoni, anayekufuata kukunong'oneza ni ndugu yake huyu wa Temeke, tofauti ni koti tu.

Nilisema usiende uwanjani kununua siku ya mechi, na sababu yangu kuu si fedha. Mei 28, 2023, Yanga ilipocheza na USM Alger mkondo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika pale kwa Mkapa, mtu mmoja alifariki na 30 wakajeruhiwa katika msongamano kabla ya mchezo. Nairobi, Oktoba 23, 2010, saba walikufa Uwanja wa Nyayo siku ya Gor Mahia na AFC Leopards. Watu hawafi kwa mpira; wanakufa getini, mahali pembamba, wakati walio nyuma wanasukuma bila kuona walio mbele. Asiye na tiketi aliyekuja "kujaribu bahati" hujaribu na bahati ya wenzake, kwa sababu haondoki. Anasubiri geti lilegee. Wakiwa elfu kadhaa wa namna hiyo, mwenye tiketi halali hapiti, na saa inakwenda. Siku ile mimi na mjomba tulikuwa miongoni mwao kwa muda wa robo saa baada ya kadi kugoma. Nakumbuka mbavu zangu zilivyobanwa na bega la mtu, na nakumbuka nikimshika mjomba mkono kama yeye alivyokuwa akinishika nikiwa mdogo tukivuka mto. Tukatoka. Kama kadi yako imegoma, toka. Utakwenda kudai haki yako pembeni, siyo kwenye mdomo wa geti.

Agosti 2025 Wakenya walionja upande mwingine wa jambo hili. Baada ya watu kuvamia Uwanja wa Kasarani kwenye mechi za mashindano ya CHAN, Shirikisho la Soka Afrika lilipunguza idadi ya watazamaji wa mechi ya Kenya na Zambia hadi 27,000 na kuagiza tiketi za kielektroniki pekee. Waliofungiwa nje ni pamoja na waungwana ambao kila mechi walilipa na kupanga foleni.

Mwenye tiketi naye afike mapema. Mechi ya saa kumi na moja jioni, mimi ningekuwa ndani saa nane. Kule ndani kuna jua, kuna kelele, kuna jirani atakayekumwagia maji, lakini hakuna anayekusukuma. Na ukikata mzunguko, uliza upande upi ni wa watu wako, kila upande una wenyewe. Kukaa na jezi ya kijani katikati ya wekundu, au kinyume chake, ni utani mtamu mpaka goli liingie.

Wanaotoka mbali nawasihi jambo moja zaidi: usitupe kadi wala kufuta ujumbe mpaka umerudi nyumbani. Mechi ya watani huwa na tabia zake. Mei 8, 2021 muda ulisogezwa kutoka saa kumi na moja jioni hadi saa moja usiku, Yanga ikafika kwa saa ya kwanza ikaondoka, na mechi ikaja kuchezwa Julai 3. Machi 8, 2025 iliahirishwa siku ileile, watu wakiwa wameshavaa, ikachezwa Juni 25. Yote hayo yakitokea, mwenye kadi na ujumbe ana cha kuonyesha atakapouliza haki yake. Aliyeuza tiketi kwa hasira nje ya geti kwa nusu bei hana. Na nauli ya kurudi, usiikate kabla mpira haujaisha.

Mikoani ni rahisi zaidi, sitakaa sana hapo. Sokoine ya Mbeya, Jamhuri ya Morogoro, Kirumba ya Mwanza: siku ya kawaida unafika, unanunua, unaingia, unachagua kivuli. Akija Simba au Yanga, bei hupanda na foleni inakuwa ya mjini. Watu hulalamika sana juu ya bei hizo. Mimi simlaumu mwenyeji. Hayo ndiyo mavuno yake ya mwaka, na mkulima hauzi mpunga kwa bei ya kiangazi wakati wa njaa. Nunua siku mbili kabla, basi.

Nina lawama yangu moja, na sio kwa mashabiki. Kadi ni jambo jema, limeziba matundu mengi. Lakini nyinyi mliolifunga dirisha mlipaswa kuwaambia wazee, na mlipaswa kuacha kijidirisha kimoja kila wilaya, chenye mtu anayelipwa kueleza. Posta ina ofisi nchi nzima, nyingine zina kaunta ambazo kwa siku huoni watu kumi. Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitapokea Kombe la Mataifa ya Afrika. Watakuja bibi na babu ambao hawajawahi kuona mechi ya kimataifa maishani, na hiyo itakuwa ya kwanza na ya mwisho kwao. Tutawaambia nini, wapakue programu?

Mjomba alirudi msimu uliofuata. Safari hii alikuja Jumanne. Jumatano asubuhi tulikwenda kwa wakala wa mtaani kwetu, Mbagala, hakuna foleni, mtu mmoja tu mbele yetu ananunua vocha. Mjomba akaisoma namba ya kadi yake kwa sauti ya mtu anayesoma hotuba, akakataa kuondoka mpaka kitochi kilipolia, akaniambia nimsomee ujumbe mara mbili. Kisha akakaa kwangu siku tatu akila ugali wangu na kumweleza kila jirani kwamba yeye tiketi anayo.

Jumamosi saa nane kasoro akaigusisha kadi getini. Geti likalia, likamfungulia, naye badala ya kupita akasimama palepale akiitazama ile kadi. Nyuma watu wakapiga kelele: "Mzee, sogea basi!" Akageuka, akawaonyesha kadi wote.